Fremu Kabla ya Ngumi

Kazi yangu katika mchezo ule ilikuwa kumwaga damu. Nilichora damu ya puani, damu ya mdomoni, damu ya kudondoka sakafuni na damu iliyokaukia ukutani, na bado Fundi alikuwa ananiambia haitoshi. Fundi ndiye aliyeandika programu. Mwenzetu wa tatu alikuwa Kengele, mwembamba wa kupeperushwa na feni, na kazi yake ilikuwa sauti. Alishinda kutwa akichapa kabichi kwa taulo lililolowa mbele ya kipaza sauti ili apate mlio wa mbavu. Tulikuwa mwaka wa mwisho chuoni na mchezo huo ndio uliokuwa mtihani wetu. Ijumaa asubuhi jopo la wahadhiri lingekaa ukumbini kuucheza, na ilikuwa Jumatatu, na mimi bado sikuwa na Jitu.

Mchezo wenyewe ni hivi. Mchukuzi wa mizigo amefungiwa ndani ya ghala. Anapigana na walinzi mmoja baada ya mwingine mpaka afike mlangoni, na mlangoni limesimama Jitu. Jitu halina bunduki wala kisu. Lina ngumi tu, lakini ikikupata umelala. Fundi alitaka kila atakayecheza alione likija na atamani kukimbia. Lile nililochora kwa kubuni tu kichwani lilikuwa linapiga kama mtu anayefukuza nzi.

"Hilo halipigi, linaaga wageni," Fundi alisema mbele ya darasa zima.

Nilimtupia kalamu, ikampata shavuni. Mimi nina hasira za karibu, sikufichi. Mama husema nilizaliwa nimekunja ngumi, na kwamba upole wote wa nyumba yetu alikuwa ameshauchukua dada yangu aliyenitangulia, mimi nikakuta chungu kikavu. Ndiyo hivyo. Na kabla wiki ile haijaisha, habari ya kulipata Jitu nilikuwa nimeshaisahau. Nilichokuwa natafuta ni namna ya kumtoa dada yangu mikononi mwake akiwa hai.

Sisi wachoraji wa michezo, tukikwama, tunamrekodi mtu halisi kwa simu. Video tunaikata fremu kwa fremu, yaani picha moja moja, halafu unachora juu ya kila picha kama mtoto anayefuatisha herufi. Ni kazi ya kuchosha macho na mgongo, lakini mwili unaotoka hapo una uzito wake. Nilihitaji mtu anayejua kupiga, na mtu huyo nilikuwa naye kwenye ukoo. Mume wa dada aliwahi kupigana ngumi ulingoni, na sasa alikuwa anafundisha mazoezi jimu. Shemeji yangu huyo kila mtu alimpenda. Alimbebea mama mtungi wa gesi ghorofani bila kuhema, alijua jina la kila mlinzi wa kila geti, na ukimsikia anacheka ngazini ulikuwa unacheka kabla hujajua kuna nini.

"Shemeji, kwa hiyo mimi nakuwa staa?" aliniuliza.

"Unakuwa jitu."

"Hilo dada yako ameshaniambia zamani," akasema, tukacheka.

Tulirekodi mchana katika darasa tupu. Tuligongelea shuka la kijani ukutani na tukatandika magodoro sakafuni. Kengele ndiye aliyekuwa apigwe. Tulikubaliana ngumi isimame kiganja kimoja kabla ya uso. Shemeji alivua shati, akarukaruka, akashusha pumzi, halafu sikuona kitu zaidi ya Kengele kuwa chini ameshika pua na damu ikimpita katikati ya vidole.

"Ah, samahani kijana wangu, mkono umeteleza," shemeji alisema, akamwinua kwa kwapa kama anayeinua mtoto.

Kengele, ambaye nusu ya akili yake iko masikioni, aliomba kwanza kipaza sauti akajirekodi anavyogugumia. Halafu akasema yeye ni mtu wa sauti, hapigwi tena hata kwa shahada. Fundi akatafuta simu yake ghafla.

"Nitasimama mimi," dada alisema.

Alikuwa amekaa nyuma kabisa, ameshika begi la mumewe mapajani. Nilimwambia aache masihara. Shemeji akasema, "Muache, huyu ananijua," akampungia mkono aje.

Akaja. Akasimama juu ya godoro na gauni lake la nyumbani, na shemeji akampiga ngumi za hewa, ya kulia, ya kushoto, ya kulia tena, na kila mara dada alianguka vizuri. Simaanishi kwamba alijitupa. Alianguka kwa ubavu, kidevu kimeingia kifuani, mkono mmoja umekaa chini ya kichwa kisije kikagonga. Fundi alipiga makofi. Akamuuliza alisomea wapi kuanguka namna ile.

"Bafuni kwangu kunateleza," dada akajibu.

Tulicheka wote. Na mimi nilicheka, na kicheko hicho hadi leo kikinijia nakosa pa kuuweka uso.

Jumanne nilichora bila kuinua kichwa. Jitu likatoka. Bega likawa bega, kiuno kikazunguka, uzito ukatoka kisiginoni ukapanda hadi kwenye mkono. Nikamchora mchukuzi akianguka vilevile alivyoanguka dada, na jioni nikamtumia Fundi picha zote, na roho yangu nyeupe. Jumatano asubuhi nilimkuta maabara ya kompyuta amekunja sura.

"Umeharibu mpangilio," akasema. "Mchukuzi anajikinga kabla Jitu halijaanza kupiga."

"Sijaharibu kitu. Nimefuata video."

"Basi umeruka fremu. Angalia mwenyewe. Ngumi bado iko chini, huyu kiwiko kimeshafika sikioni. Nani anajikinga ngumi ambayo haipo?"

"Wewe unaandika namba, unajua nini kuhusu miili ya watu?"

"Najua kuhesabu fremu."

Nilifungua video ile ili nimuaibishe. Nilitaka aombe radhi mbele ya Kengele. Nikaisogeza picha moja, nikaisogeza nyingine, nikavuta kiti nikakaa.

Fundi alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa sahihi. Shemeji amesimama, mikono yake yote miwili inaning'inia. Bega halijashuka, kisigino hakijanyanyuka. Kuna kitu kimoja tu kinachotembea katika mwili ule wote, nacho ni kidole gumba cha mkono wa kushoto, kinaigeuza pete ya ndoa. Picha inayofuata, dada ameingiza kidevu. Inayofuata, kiwiko kimepanda na jicho la upande ule limefungwa. Ngumi inaanza baadaye, mwenzangu, tena baadaye sana.

Nikafungua ya pili. Pete, kidevu, kiwiko, ngumi. Ya tatu hivyohivyo. Nikafungua ile ya Kengele. Pete iligeuka palepale, na Kengele ametoa macho anatabasamu, bado anatabasamu hata ngumi ikiwa imefika puani.

"Mimi sikuona kitu," Kengele alisema nyuma ya bega langu, pamba mbili puani. "Nilishtukia niko chini."

"Huenda ni bahati," Fundi akasema kwa sauti ndogo.

"Mara zote?"

Mimi nilikuwa nimeshaondoka hapo kichwani. Nilikuwa kwenye arusi ya binamu yetu, dada amevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi, anasema macho yanamuwasha. Nilikuwa jikoni kwa mama, dada ana bandeji mkononi, amebanwa na mlango wa kabati. Nilikuwa hospitali, mimba imetoka, ameteleza ngazini, na shemeji amekaa kando ya kitanda analia kwa kwikwi mpaka manesi wanambembeleza yeye. Mimi mwenyewe nilimletea maji. Nilimpangusa yule mtu machozi kwa kitambaa changu.

Nilitaka kuua. Watu husema hivyo wakikasirika, lakini mimi nilikaa pale mbele ya kompyuta nikawaza kwa utulivu nitumie nini.

Nilifika kwa dada kabla ya saa sita, shemeji akiwa kazini. Nilimkuta anapiga pasi mashati ya mumewe. Sikumsalimu. Niliitazama sebule ile niliyoingia miaka yote, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi picha ya arusi yao ilivyotundikwa chini, usawa wa kifua, mahali ambapo hakuna mtu anayetundika picha. Nikaiondoa. Nyuma yake plasta ilikuwa imebonyea hadi kwenye tofali, na shimo lenyewe lilitosha ngumi.

"Rudisha hiyo picha," dada alisema.

"Anakupiga."

"Nimesema rudisha."

Nikatoa kompyuta yangu ndogo begini, nikamuonyesha. Pete, kidevu, kiwiko. Alitazama, pasi iko mkononi. Nilidhani atalia. Badala yake akasema, "Umenichora mbaya. Mimi mnene kiasi hicho?"

"Dada."

"Ana hasira kama zako tu. Wewe si juzi ulimpasua mwenzako shavu kwa kalamu? Umekuja kumhukumu nani?"

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Nilikuwa natafuta la kumjibu ufunguo ulipozunguka mlangoni. Shemeji aliingia na mfuko wa matunda na kicheko chake, akasema amesikia harufu ya shemeji yake tangu chini. Halafu akaiona picha iko sakafuni, na ukuta uko wazi.

"Nataka nijione," akasema akiinamia kompyuta, bado anatabasamu. "Nimetokaje?"

"Umetoka vizuri," nikamwambia. "Unaonekana unavyogeuza pete kabla ya kumpiga mke wako."

Hakuniangalia mimi. Alimwangalia dada. Kidole gumba kikaenda kwenye pete, na upande wangu wa kushoto nikasikia gauni la dada likichakacha, kiwiko kinapanda.

Nikajitia katikati. Mkono ule nilikuwa nimeuchora mara nyingi, haukuwa wa kunipata. Pete ilipogeuka nilikuwa nimeshainama, ngumi ikapita juu ya nywele zangu ikavunja kioo cha kabati la vyombo. Nilijiona nimeshinda. Kosa langu likawa la kijinga, la mtu wa michezo. Jitu langu lina ngumi moja, likikosa linasimama kidogo ili mchezaji apate nafasi. Huyu hakusimama. Ya pili ilinipata ubavuni, pumzi zote zikanitoka, ya tatu ikanilaza juu ya vioo. Nikavuta waya wa pasi. Pasi ikaja, nikambandika nayo mkononi, na ngozi ikalia na ikanuka. Alipiga kelele mara moja. Halafu akaninyang'anya pasi akaitupa, akakikanyaga kiganja changu cha kulia kwa kiatu, akakisaga polepole kama anayezima sigara. Nilisikia vidole vikiachana.

"Huu ndio unaochorea?" akaniuliza.

Dada alimshika kiuno kwa nyuma, akawa anamwita kwa jina la mapenzi, analirudiarudia. Aliponyanyua kiatu, dada akaniburuta mlangoni kwa ukosi wa blauzi.

"Twende wote," nikamwambia.

"Nenda."

"Atakuua."

"Wewe ndiye umemwasha," akasema, na macho yake hayakuwa na chozi hata moja. "Unaondoka, mimi nabaki na moto wake."

Akanisukumia kompyuta yangu, akafunga. Nilisikia komeo. Nilisikia ngumi ya kwanza, na nikajua kumbe Kengele na kabichi yake anatia chumvi, mlio wenyewe ni mdogo tu, na nyuma yake hakuna mtu anayepiga kelele. Niligonga mlango kwa mkono mzima mpaka ukavimba na wenyewe. Jirani alifungua, akaniona, akafunga. Nikapiga simu polisi. Askari aliyepokea aliniuliza huyo mwanamke ni mke wake wa ndoa. Nikasema ndiyo. Akaniuliza yeye mwenyewe amelalamika. Nikasema hawezi, anapigwa sasa hivi. "Hayo ni mambo ya mke na mume," akasema, "wazee wa pande zote wakae wayazungumze." Mama, nilipompigia jioni, alikuwa ameshapigiwa. Dada alikuwa amemwambia nimekwenda kumchoma mume wake pasi bila sababu.

Alhamisi nilikuwa na plasta ngumu hadi kwenye kiwiko. Wenzangu hawakuniuliza mengi. Fundi alinitazama, akavuta kiti, akasema, "Niambie tunafanya nini."

Kengele akawa mkono wangu. Alichora kama anayekuna upele, nami nilimtukana siku nzima, na siku nzima alisema "sawa" na kufuta na kuanza tena. Nilimwambia aziondoe picha zote ambamo mchukuzi anajikinga mapema. Mchukuzi asijue lolote. Pete ya Jitu nikataka ibaki, kidole gumba kwa kidole gumba, bila kuikuza wala kuitia rangi ya kung'aa.

"Hakuna atakayeiona," Fundi alisema. "Watapigwa tu. Jopo litasema mchezo hauna haki."

"Basi wapigwe."

"Wape hata dalili ndogo."

"Hiyo ndiyo dalili. Akibonyeza kukwepa pete inapogeuka, anapona. Akisubiri ngumi, amechelewa. Andika hivyo."

Aliitazama plasta yangu, akaandika hivyo. Ningependa kujisifu kwamba nilikuwa na mpango. Sikuwa nao. Nilitaka tu pawe na mahali pamoja duniani ambapo pete ile inaonekana na mtu mwingine zaidi yangu.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa jopo, mhadhiri mwenye kipara na tai fupi, alikaa mwenyewe kwenye kibodi, na mchezo ukawa unaonekana kwenye skrini kubwa ukutani. Walinzi wa ghala aliwashinda. Alipofika kwa Jitu alipigwa mpaka damu yangu yote niliyochora ikamalizika. Akarudia, akalazwa. Wahadhiri wengine wakajaribu, wakalazwa vilevile, na wanafunzi nyuma wakawa wanahesabu kama refa.

Ndipo shemeji akaingia. Alikuwa na wenzake wa jimu, amewaleta wamwone akiwa staa, wote wamevaa fulana za rangi moja, na mkono wake wa kulia, ule wa pasi, umefungwa bandeji safi. Nyuma yake alikuja dada. Alikuwa amejifunga mtandio hadi chini ya kidevu na kujipaka poda nyingi kuliko siku ya arusi yake. Anatembea taratibu, mkono umeshika ubavu.

"Shemeji, mkono unaendeleaje?" aliniuliza kwa sauti ya watu wote kusikia, na akanipigapiga bega.

Nikakunja ngumi ya mkono mzima. Kengele alinishika mkanda wa suruali kwa nyuma, akaniambia sikioni nisifanye kitu, ukumbi umejaa.

Wenzake walikuwa wanapiga kelele wakimwona yeye kwenye skrini. Basi akataka kucheza. Aliketi akajinyoosha vidole, na Jitu likamlaza kwa ngumi yake mwenyewe. Watu wakacheka, naye akacheka. Likamlaza tena. Wenzake wakamwambia umri umekwenda. Safari hii hakucheka. Aliikazia macho skrini kwa hasira, mikono ya Jitu inaning'inia mbele yake, kidole gumba kinageuza pete, na hakuona. Akalazwa.

"Mchezo mbovu," akasema, akisukuma kibodi. "Jitu halina dalili."

"Hata mimi naona hivyo," mwenyekiti akasema, akianza kuandika. "Mchezaji lazima apewe dalili. Hapa haki haipo."

Nilifungua mdomo, dada akanitangulia.

"Naomba nijaribu," akasema.

Mumewe alisema wee, hata simu yenyewe unaizima kwa bahati mbaya. Wenzake wakacheka. Dada alikaa. Fundi aliinama akamuonyesha kitufe cha kupiga na kitufe kirefu cha kukwepa, akampeleka moja kwa moja mlangoni kwa Jitu. Dada aliweka kidole gumba juu ya kile kirefu, akatazama.

Pete ikageuka, akabonyeza. Ngumi ikapita hewani. Akapiga. Pete, akabonyeza, ngumi ikapita, akapiga. Alikuwa hatazami uso wa Jitu wala bega lake. Kila liliporusha, mchukuzi hayupo. Wanafunzi waliokuwa wanahesabu wakaacha. Ukumbi wote ukawa unasikia vitufe tu, na mlio wa kabichi ya Kengele. Alilipiga mdomoni, akalipiga mbavu, akalipiga likiwa limepiga magoti, na lilipokuwa limelala hakuacha. Aliendelea kubonyeza mpaka Fundi akamwambia taratibu, "Dada, limekwisha kufa."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alisimama kando ya meza, karatasi mkononi.

"Mama, umejuaje?"

"Huwa anageuza pete kwanza," dada alisema. Hakusema Jitu. Alisimama akageuka, na alikuwa anamtazama mumewe.

Kengele ndiye wa kwanza kuuangalia mkono wa shemeji. Halafu wenzake wa jimu. Halafu safu ya mbele, halafu ukumbi mzima, watu wakinyoosha shingo. Shemeji naye akatazama chini aone wanatazama nini, na akakikuta kidole gumba chake kipo palepale.

Nilimwona dada naye ameiona pete. Kiwiko hakikupanda. Alisogea pembeni hatua moja tu, kama anayempisha mtu mlangoni, na ngumi aliyorushiwa ikamfikia mwenyekiti wa jopo aliyekuwa nyuma yake. Yule mzee aliinuka kidogo kutoka sakafuni na tai yake, meno yakamtoka, akaanguka juu ya meza ya kompyuta na meza ikaanguka naye. Shemeji alimgeukia dada tena. Wenzake wakamrukia, mmoja akavunjwa pua, mwingine akang'atwa sikio, na mimi nikapita katikati ya miguu yao nikampiga kwa plasta usoni mara nyingi kadiri nilivyoweza. Ilipasuka. Iliniuma hadi kwenye meno, na sikutaka kuacha. Walimlaza, wakamkalia watu sita.

Polisi walifika haraka sana. Mhadhiri alikuwa bado hajainuliwa na tayari buti zao zilikuwa mlangoni. Walimfunga pingu, wakaokota meno ya mwenyekiti wakayatia kwenye mfuko wa nailoni, wakapiga picha sakafu. Askari mmoja akaanza kupita akiuliza nani ameona. Alifika kwa dada, aliyekuwa amekaa nami kwenye ngazi ya jukwaa anawatazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Wewe mama umeona alivyompiga mhadhiri?"

"Nimeona," dada akasema. Halafu akasema, "Kumbe huwa mnakuja."

Askari hakumwelewa. Dada akaufungua mtandio, akaukunja vizuri, akaniwekea mapajani. Shingo yake ilikuwa na alama za vidole, vyote, unaweza kuvihesabu, na chini ya vipya kulikuwa na vya zamani vilivyogeuka njano. Askari alishusha kalamu.

"Kaa chini, afande," dada akamwambia, na akamsogezea nafasi pale kwenye ngazi. "Ya kwangu ni marefu."